Nani Anaruhusiwa Kuandika Humu?

Barabara ya lami inayoanzia Vurra, mpakani na Kongo, hupita Arua na Koboko mpaka Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Urefu wake ni kilomita 92 tu. Flashi moja inaweza kuanza siku kwenye kompyuta ya wakala wa forodha, mchana ikachomekwa dukani Koboko ili barua ichapwe, na jioni ikawa katika ofisi ya shirika linalohudumia wakimbizi. Vitabu vya ulinzi wa kompyuta vikitaja mtandao humaanisha waya, ruta na Wi-Fi. Kwetu West Nile, Uganda, flashi nayo ni sehemu ya mtandao, na virusi vinavyotusumbua zaidi havibagui: vikipata waya vinapita, vikipata flashi vinapita.

Ninaowaandikia ni mwenye duka la stesheneri, mhasibu wa shule, katibu wa parokia, kijana anayeendesha kituo cha intaneti. Hawa wana kompyuta nne, tano au kumi zilizounganishwa ili zitumie printa moja na folda moja, hawana idara ya teknolojia, na kuna fundi anayeitwa mambo yakiharibika.

Tumjue adui kwanza. Virusi vya kuambukiza mafaili haviji kama faili jipya lenye jina la ajabu ambalo ungeliona na kulifuta. Vinaingia ndani ya programu ulizo nazo tayari. Sality, kilichoonekana mara ya kwanza mwaka 2003, hutafuta kila faili linaloishia na .exe au .scr, hujibandika ndani yake, na faili hilo huendelea kufanya kazi yake ya kawaida huku likimbeba mgeni. Virut kilifuata miaka michache baadaye, kisha Ramnit mwaka 2010, ambacho hakikutosheka na programu. Huandika hata ndani ya kurasa za HTML ulizohifadhi. Neshta ni cha zamani vilevile na hadi leo hakijazeeka. Polisi wa Ulaya walizima seva za Ramnit Februari 2015, na Wapoland walikuwa wamewanyang'anya wenye Virut anwani zao miaka miwili kabla, lakini kuzima seva hakufuti kirusi kilichokwisha kuandikwa kwenye diski ya mtu. Faili la mwaka 2012 lililolala kwenye kompyuta ya Windows 7 mjini Arua bado linaambukiza likiamshwa.

Dalili za virusi hivi zinajulikana na mafundi wote. Antivairasi inajizima yenyewe na haiwaki tena. Ukibonyeza vitufe vya kufungua Task Manager unaambiwa imezuiwa na msimamizi, ilhali msimamizi ni wewe. Unajaribu kuwasha kwa Safe Mode, mashine inajizima na kuwaka upya, kwa sababu Sality hufuta kwenye rejista ya Windows maelezo yanayowezesha njia hiyo. Programu ndogo uliyopakua mwaka jana imeongezeka uzito bila sababu. Mtu akiona hayo husema kompyuta imerogwa au imezeeka, na wakati huo kompyuta ya meza ya pili imeshapata.

Na haya yote kirusi cha aina hii huyafanya kwa kutumia kitu kimoja tu: ruhusa ya kuandika. Hakina uchawi. Kama folda inasomeka lakini haiandikiki, kitaiangalia na kuiacha. Kama mtumiaji aliyekiamsha hana haki ya kubadilisha mafaili ya Windows, mafaili hayo yatabaki salama. Kwa hiyo kabla ya kununua antivairasi ya bei kubwa, pita katika kila folda, kila flashi na kila akaunti ukiuliza nani anaruhusiwa kuandika humu. Mara nyingi jibu ni kila mtu, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Chukua folda ya pamoja. Karibu kila ofisi ndogo ina kompyuta moja iliyo kando ya printa ambayo wote wanaiita seva, na ndani yake kuna folda inayoitwa SHARE au PUBLIC. Aliyeiunda alipata shida siku ya kwanza, kompyuta nyingine zilikataa kufungua, basi akachagua «Everyone», akaweka alama kwenye «Full Control», kila kitu kikafunguka, akalipwa akaenda zake. Ndani ya folda hiyo utakuta barua za wateja, mitihani ya shule, picha za arusi, na pembeni yake programu za kusakinisha: Office, WinRAR, VLC, dereva za mashine ya kurudufu. Sijui mahali pazuri zaidi pa kumfugia Sality. Kompyuta moja ikiambukizwa, inaandika ndani ya zile programu za kusakinisha. Siku ya pili mtu wa meza nyingine anafungua VLC kutoka folda ileile, na yeye tayari.

Igawe mara mbili. Folda ya kwanza iwe ya programu, na isomeke tu. Bofya kulia juu yake, chagua «Properties», kisha «Sharing», «Advanced Sharing» na «Permissions», uache alama ya «Read» peke yake. Kisha nenda kwenye kichupo cha «Security» ufanye vivyo hivyo, kwa maana Windows hupima ruhusa zote mbili na kufuata iliyo kali zaidi. Ukikaza moja na kulegeza nyingine, siku utakapobadilisha kitu utajichanganya. Atakayeongeza programu mpya ni mtu mmoja, akiwa amekaa kwenye kompyuta hiyohiyo, si kupitia mtandao. Folda ya pili iwe ya nyaraka, yenye ruhusa ya kuandika kwa watu wenye majina na nywila zao, na isiwekwe programu hata moja. Wafanyakazi watanung'unika kwa wiki ya kwanza kwamba wanaombwa nywila. Wape nywila.

Akaunti ndizo mlango wa pili. Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini zikiwa zimetumika Ulaya au Dubai hufika na akaunti moja, yenye mamlaka yote, haina nywila. Mtumiaji wa akaunti hiyo akifungua faili lenye kirusi, kirusi kinarithi mamlaka yake. Fungua akaunti ya pili ya aina ya «Standard» kwa kazi za kila siku, na ile ya msimamizi ibaki na nywila na itumike siku ya kusakinisha kitu tu. Jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau ni kutoweka nywila ileile ya msimamizi kwenye kompyuta zote. Conficker, kilichotokea Novemba 2008 na kufika hata kwenye jeshi la majini la Ufaransa, kilikuwa kinabeba orodha ya nywila rahisi kama admin na 1234, kikizijaribu moja baada ya nyingine kwenye mashine za jirani. Kikiipata moja, na zote zikiwa sawa, kimepata ofisi nzima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halisemwi, kwa sababu wanaolijua hula riziki hapohapo. Chanzo kikubwa cha virusi hivi ni flashi ya fundi. Fundi hutembea na mkusanyiko wake wa programu: Windows, Office, dereva za kila printa, antivairasi yenyewe. Ni hazina yake ya miaka, na intaneti ya kupakua upya ni ghali. Anapoichomeka kwenye kompyuta yako iliyoambukizwa, Sality inaandika ndani ya kila .exe iliyomo kabla hajafungua chochote. Kesho anaichomeka kwa jirani yako. Fundi hana nia mbaya, na anaweza kuwa ndiye stadi kuliko wote mjini. Ndiyo maana ameitwa mahali pengi.

Dawa ni kuinyima flashi hiyo kuandikwa. Ya zamani na ya uhakika ni DVD ya kuandikwa mara moja: ukishachoma programu zako humo ukiwa kwenye mashine safi, hakuna kirusi kitakachoongeza hata herufi. Kisomeo cha nje cha DVD kinachochomekwa USB si mzigo mkubwa kwa fundi kubeba. Asiyetaka DVD ajifunze kukagua saini. Programu nyingi za kampuni zinazojulikana hutiwa saini ya kidijitali, na kirusi kikigusa faili saini hiyo inavunjika. Bofya kulia juu ya faili la kusakinisha, chagua «Properties», tazama kichupo cha «Digital Signatures», kisha ufungue maelezo yake. Faili la Microsoft likisema saini si halali, au kichupo chenyewe hakipo, usilifungue. Hili hata mwenye duka asiye fundi anaweza kulifanya, tena mbele ya fundi, kwa upole.

Flashi za wateja ni habari nyingine. Duka la stesheneri haliwezi kuzikataa. Ndizo biashara yenyewe. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni analeta ripoti yake, mwalimu kutoka Maracha analeta mtihani, mfanyabiashara aliyetoka Ariwara, upande wa Kongo, analeta ankara. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Mandiant walieleza kundi la wapelelezi lililokuwa likieneza programu ya siri kwa flashi katika ofisi za Afrika za mashirika ya kimataifa, Kenya na Tanzania zikiwemo, na walitaja maduka ya kuchapa na vituo vya intaneti kuwa miongoni mwa mahali ilipopitia. Kwa hiyo si sisi tu tunaoziogopa kaunta zetu.

Ushauri wangu hapa ni mmoja na nausisitiza: kompyuta ya kaunta, ile inayopokea flashi za watu, iwe ya Linux. Ubuntu au Linux Mint ni bure, hufanya kazi hata kwenye mashine ambayo Windows mpya imeikataa, na LibreOffice iliyomo hufungua nyaraka za Word. Faili la .exe la Windows likifika huko halina pa kukanyaga. Limelala tu kama picha. Kuna mpangilio wa maandishi utakaohama kidogo, na kuna fonti zitakazokosekana, kwa hiyo mshauri mteja alete PDF kwa kazi nzito. Usumbufu huo ni mdogo. Kuwa mwangalifu na jambo moja: Linux haiambukizwi na virusi hivi lakini inaweza kuvibeba, hivyo kompyuta hiyo ya kaunta isiandike kwenye folda ya nyaraka ya ofisi. Ichape, basi.

Ukiwa nayo utaweza pia kuwasaidia wale wanaokuja wakilia kwamba flashi imekula mafaili yao na imebaki njia za mkato tu. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa. Kwenye Linux fungua flashi, utayaona. Yanakili kwenye flashi nyingine, uache njia za mkato hukohuko. Kwenye Windows hufunuliwa kwa amri ya attrib -h -r -s /s /d ikifuatiwa na nyota, ukiwa ndani ya flashi yenyewe. Usibonyeze njia ya mkato «kuona kuna nini». Zamani flashi ilikuwa ikijiendesha yenyewe ikichomekwa. Microsoft iliufunga mlango huo kwenye XP na Vista Februari 2011, na Windows 7 ilizaliwa bila huo. Tangu hapo kidole cha mtumiaji ndicho kinachofanya kazi hiyo.

Kuna virusi visivyosubiri kidole wala ruhusa. Hivi hupita kwenye ufa wa Windows yenyewe, na hapo folda ya kusomeka tu haikusaidii. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry kilifungia mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Kilipita kwenye ufa wa SMB toleo la kwanza, njia ileile ya zamani ya kushirikiana mafaili, na Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Waliosasisha hawakuguswa. Kwa hiyo zima SMB toleo la kwanza kwenye «Turn Windows features on or off», isipokuwa kama una mashine kongwe ya kurudufu isiyojua njia nyingine. Hiyo itafutie namna ya kutuma kazi kwa flashi au kwa kebo yake yenyewe.

Najua kwa nini watu huzima masasisho. Tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda lina ushuru wa asilimia 12 juu yake, na sasisho moja la Windows linaweza kumaliza bando la wiki. Lakini si lazima kila kompyuta ipakue peke yake. Kwenye mipangilio ya Windows 10 na 11 kuna sehemu inaitwa «Delivery Optimization». Washa ruhusa ya kupokea kutoka kompyuta nyingine, uchague zile za mtandao wa ndani tu. Mashine moja ikishapakua, nyingine zitachukua sehemu kubwa kutoka kwake. Ziache zikiwa zimewashwa usiku mmoja wa wiki ambao bando ni rahisi. Windows 10 iliacha kupewa viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotumika tunazonunua hazikidhi masharti ya Windows 11. Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender, antivairasi inayokuja na Windows 10, orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028, jambo ambalo ni nafuu, ila Defender haizibi nyufa. Mashine za namna hiyo ndizo ningezipeleka Linux kwanza. Windows 7 au XP inayoendesha kifaa fulani cha pekee, kwa mfano mashine ya maabara, ichomolewe kwenye mtandao kabisa.

Kuhusu antivairasi nitakuwa mfupi. Defender inayokuja na Windows, ikiwa imewashwa na imesasishwa, inatosha duka la kawaida. Antivairasi ya kulipia iliyovunjwa kufuli ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa umemwalika mtu usiyemjua akushikie funguo. Na programu yoyote inayokuambia «zima antivairasi kwanza ndipo unisakinishe», hata kama ni ile ya kuamsha Office, imeshakujibu swali lako.

Itakuwaje kama kirusi kimeshaingia? Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu huita fundi aisafishe kompyuta moja, ile iliyolemaa, na nyingine zinaendelea na kazi kwa sababu «hizo ni nzima». Ni sawa na kuogesha ng'ombe mmoja dhidi ya kupe na kumrudisha zizini. Siku tatu zikipita anaitwa fundi tena.

Safisha zote kwa siku moja. Chomoa kebo zote kwenye swichi, zima Wi-Fi ya ruta, kusanya flashi zote na diski za nje za ofisi mezani. Tayarisha kwenye mashine safi, ya mtu mwingine kabisa, flashi ya kuwashia yenye mfumo wa ukaguzi kama Kaspersky Rescue Disk, au Ubuntu ya kuanzia kwenye flashi kwa ajili ya kuokolea nyaraka. Kompyuta iwashwe kwa flashi hiyo ili Windows iliyoambukizwa isiamke hata kidogo. Ikiamka, kirusi kinaandika upya nyuma ya mgongo wa msafishaji. Fanya kazi hiyo kwenye betri ya laptopu au kwenye inveta ya sola. Umeme ukikatika wakati programu inang'oa kirusi katikati ya faili, faili hilo limekwisha, na utasema ni kirusi kilichoharibu.

Baada ya ukaguzi, Neshta ina mtego wake. Hujiweka kwenye folda ya Windows kwa jina svchost.com na kuiambia rejista kwamba kila programu ipitie kwake. Antivairasi ikiifuta bila kurekebisha rejista, hakuna programu itakayofunguka, na wengi hudhani kompyuta imekufa. Haijakufa, ile amri ya kufungulia .exe kwenye rejista inahitaji kurudishwa ilivyokuwa. Virut ni kesi tofauti. Mara nyingi huandika vibaya, faili moja hata mara kadhaa, na kulirekebisha ni kupoteza siku. Okoa nyaraka, picha na mahesabu kwa Ubuntu, fomati, sakinisha upya. Usiokoe .exe hata moja, hata ile ya dereva ya printa uliyoitafuta kwa miezi, na kama ni Virut au Ramnit acha pia kurasa za HTML. Nyaraka zenyewe za Word na Excel zipitishwe kwenye ukaguzi kabla ya kurudi nyumbani.

Nakala rudufu nazo zipimwe kwa swali lilelile. Diski ya nje inayokaa imechomekwa mchana na usiku inaandikika mchana na usiku, na kinachoandika humo si lazima kiwe wewe. Chomeka, nakili, chomoa, weka kabatini. Ukiwa na mbili za kupokezana, moja ilale nyumbani.

Kisha rudisha mashine kwenye swichi moja moja, kila moja ikiwa imesasishwa na ina akaunti ya kawaida, ile ya kuhifadhia folda ikiwa ya mwisho. Na bei patana mapema. Fundi akilipwa kwa kila kompyuta, atasafisha ile uliyomwonyesha, na si kosa lake. Mlipe kwa mtandao mzima, pamoja na safari ya kurudi baada ya wiki kukagua upya, na mkubaliane kwamba dereva na programu atakazohitaji ataleta kwenye DVD au atapakua hapohapo kwa bando lako.